Saa 24 za Mwanafunzi Mkristo

Somo hili nililisoma kwanza mbele ya kikundi chetu cha maombi, ambacho mimi ni katibu wake. Mhariri aliposikia habari zake aliniomba niliandike kwa ajili ya gazeti letu, nami nimekubali, kwa sababu jambo lenyewe latuhusu sote tunaosoma katika shule za bweni hapa Uganda.

Mwanafunzi Mkristo hudaiwa pande mbili. Upande mmoja hudaiwa kusoma. Karo yake imetoka katika kahawa, au mikungu ya ndizi, au ng'ombe aliyeuzwa, na wazazi wake wangoja kuona matunda ya mali yao. Upande wa pili hudaiwa kusali, kusoma Neno, na kuwatendea watu mema. Madeni yote mawili ni ya haki. Lakini siku ina saa 24 tu, wala hakuna fundi awezaye kuirefusha. Basi, mwanafunzi azigawe vipi saa zake?

Huenda msomaji akasema kwamba swali hili ni jepesi. Si jepesi. Katika muhula uliopita, wiki mbili kabla ya mitihani ya majaribio, kijana mmoja wa kidato cha sita alianguka chini wakati wa sala ya asubuhi. Alikuwa amefunga siku tatu bila kula, na usiku alikuwa akisoma kwa tochi chini ya blanketi mpaka saa tisa. Alichukuliwa zahanati, akalala huko siku tano. Baba yake alisafiri kuja kumwona. Mzee yule hakugomba. Alituita sisi wa kikundi cha maombi, akatuuliza kwa sauti ya upole, "Wanangu, hebu nielezeni, mwenzenu alifunga ili apate nini?" Hakuna aliyejibu.

Baada ya hapo shule iligawanyika. Wengine walisema kikundi cha maombi kivunjwe, kwa kuwa kinaua watu. Wengine, hasa ndani ya kikundi chenyewe, walisema kijana yule alianguka kwa uchache wa imani, na kwamba anayekula wakati wa shida hampendi Mungu kwa kweli. Mimi niliagizwa nitafute mafundisho yatakayotusaidia kabla ugomvi haujatuharibu. Nilikwenda maktaba, nikakuta kwamba swali la mzee yule lilikwisha kuulizwa zamani sana, katika nchi ya mbali, na baba mwingine.

Vijana wa Oxford

Katika mwaka 1729, katika chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, vijana wachache walianza kukutana jioni kusoma pamoja. Mkubwa wao alikuwa John Wesley, aliyezaliwa 1703, mtoto wa kasisi wa kijiji cha Epworth. Alikuwa mwalimu katika Lincoln College. Mdogo wake Charles alikuwa mwanafunzi wa Christ Church. Walisoma Agano Jipya kwa Kiyunani, wakashiriki Meza ya Bwana kila juma, na Jumatano na Ijumaa walifunga mpaka saa tisa mchana. Kila mmoja alijitahidi kujua saa zake zimetumikaje. John aliandika katika kitabu chake alilolifanya saa baada ya saa.

Wenzao waliwacheka. Waliwaita Chama cha Watakatifu, na nondo wa Biblia, na tena Wamethodisti, yaani watu wa utaratibu. Jina hilo la mwisho, lililotolewa kwa dhihaka, ndilo linaloitwa sasa na mamilioni ya Wakristo ulimwenguni, na hata huku Afrika.

Mwenzao mmoja aliitwa William Morgan. Yeye ndiye aliyeanza kwenda gerezani, katika ngome ya Oxford, kuwaona wafungwa, na mwezi wa Agosti 1730 akawachukua ndugu wawili Wesley pamoja naye. Wengi wa wafungwa wa siku zile walifungwa kwa sababu ya madeni tu. John alijua maana ya jambo hilo, maana baba yake mwenyewe alifungwa kwa deni katika mwaka 1705. Vijana wale waliwafundisha wafungwa, waliwapa vitabu na dawa, wakawalipia madeni madogo madogo ili watoke. Pia waliwafundisha watoto wa maskini kusoma.

Lakini Morgan aliugua, akafa katika mwaka 1732. Mara habari zikaenea kwamba amekufa kwa kufunga, na kwamba ndugu Wesley ndio waliomwua. John alimwandikia baba wa marehemu barua ndefu, akamweleza kazi zao zote tangu mwanzo, na kwamba kijana wake alikuwa ameacha kufunga zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kufa. Baba yule alipoisoma barua aliridhika, hata akamtuma mtoto wake wa pili Oxford, awe chini ya uangalizi wa Wesley. Tazameni: hakujibiwa kwa hasira, wala kwa kuambiwa kwamba hana imani. Alijibiwa kwa maelezo ya kweli.

Kijana wa pili ambaye habari zake zatuhusu ni George Whitefield. Huyu alilelewa katika nyumba ya wageni mjini Gloucester, na baba yake alikufa yeye angali mtoto mdogo. Hakuwa na karo. Aliingia Pembroke College katika mwaka 1732 kama mwanafunzi mtumishi, yaani alisoma kwa kuwatumikia wanafunzi matajiri. Nadhani wako wengi miongoni mwetu watakaomwelewa vizuri. Whitefield alitaka sana kumpata Mungu, akadhani atampata kwa kuutesa mwili. Wakati wa Kwaresima ya 1735 alikula mkate mbaya na chai ya majani isiyo na sukari, akasali nje kwenye baridi, mpaka akashindwa hata kupanda ngazi. Mwalimu wake akamwitia daktari. Aliugua kama majuma saba. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba amani aliyoitafuta kwa njaa aliipata kwa kumwamini Kristo, kama zawadi.

Mafundisho tunayoyapata

Kwanza, bidii si kipimo cha haki. Huyu Whitefield alikuja kuwa mhubiri mkubwa, akawahubiri wachimba makaa uwanjani karibu na Bristol katika mwaka 1739. Lakini huyo huyo, alipofanya kazi katika Georgia, Marekani, alitetea utumwa wa watu weusi uruhusiwe, na yeye mwenyewe akawa na watumwa. Wesley kwa upande wake aliandika kijitabu cha kuupinga utumwa katika mwaka 1774. Sisi Waafrika tusilipite jambo hili kimya. Mtu aweza kufunga mpaka akazimia, na bado asimwone ndugu yake. Basi tusiseme kwamba aliyefunga zaidi ndiye aliye karibu zaidi na Mungu.

Pili, usingizi una kiasi chake, na kiasi hicho yafaa kitafutwe kwa akili. Wesley alieleza katika mahubiri yake jinsi alivyokipata chake. Alipokuwa kijana aliona kwamba kila usiku huamka, akakaa macho kwa muda. Akafikiri, "Huenda nalala kuliko mwili unavyohitaji." Akanunua saa ya kuamshia, akaamka saa moja asubuhi, usiku akakaa macho tena. Kesho yake akaamka saa kumi na mbili, halafu saa kumi na moja, halafu saa kumi alfajiri. Siku hiyo ya nne alilala usiku wote bila kuamka. Tangu hapo aliamka saa kumi, lakini akaenda kulala mapema, saa nne hivi ya usiku. Wengi wetu twapenda kusikia kwamba Wesley aliamka saa kumi, ila twasahau kuuliza alilala saa ngapi! Alipunguza usingizi uliozidi tu, wala hakuukata ule unaohitajika, naye akaishi miaka 87. Wataalamu wa siku hizi wasema kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku, na mtu mzima saa 7 au zaidi. Kwa hiyo anayelala saa mbili ili asome atakuwa na kitabu mkononi bila kitu kichwani. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Tatu, hata Maandiko hayatuambii tuuchukie mwili. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya alichoka akataka kufa. Malaika hakumkemea wala hakumwamuru afunge. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Safari ya mtihani nayo ni ndefu.

Hesabu ya juma moja

Baada ya kuyasoma hayo nilichukua daftari, nikaandika saa zangu kwa juma moja, kama vijana wa Oxford walivyofanya. Juma lina saa 168. Kengele yetu hulia saa kumi na moja alfajiri, na taa huzimwa saa nne usiku. Basi usingizi ulikuwa saa 49. Madarasa na masomo ya jioni na ya alfajiri yalikuwa saa 58. Kula, kuoga, kufua, kuteka maji na kufagia, saa 24. Ibada na sala, saa 9. Michezo, saa 6. Jumla ni saa 146. Zilibaki saa 22. Hizo zilikwenda katika foleni ya posho na maharagwe, katika mazungumzo chini ya mwembe, na katika kukaa tu.

Simaanishi kwamba mazungumzo ni dhambi. Mtu asiye na rafiki ni maskini. Lakini angalieni: saa tunazozitafuta usiku kwa tochi zimo ndani ya mchana. Tukichukua nusu yake tu twapata saa 11 kila juma, bila kumnyang'anya Mungu ibada, wala mwili usingizi, wala tumbo chakula. Hilo ndilo jibu nililowapa wenzangu, na hilo ndilo lililotuliza ugomvi kwa kiasi kikubwa.

Tuliyoyakubali

Kikundi kilipomaliza kujadili, tulikubaliana mambo manne. La kwanza, anayetaka kufunga atafunga siku moja kwa juma, mpaka saa tisa mchana, naye atakunywa maji. Wala hatutafunga katika majuma ya mitihani. Aliye mgonjwa au anayetumia dawa asifunge kabisa. La pili, taa zikizimwa, tochi pia zizimwe. La tatu, kila mmoja aandike saa zake kwa juma moja katika kila muhula, kisha ajionee mwenyewe. La nne, Jumamosi alasiri tutakwenda wawili wawili kuwatekea maji wazee wanaoishi karibu na shule, na kuwasaidia wadogo zetu wa kidato cha kwanza walioshindwa hesabu.

Hili la nne ndilo lililoleta maneno mengi. Mmoja alisema, "Mtihani umekaribia, nasi twaongeza kazi?" Nikamkumbusha habari nyingine ya Oxford. Wesley alisimulia kwamba mmoja wa vijana wale alikuwa na pauni 30 kwa mwaka. Alitumia 28, akatoa 2. Mwaka wa pili alipata 60, akaendelea kutumia 28, akatoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, akatoa 62. Alijua kiasi kinachomtosha, na kilichozidi akakiona kuwa ni cha wengine. Saa nazo ni vivyo hivyo. Mtu akiisha kujua zinazomtosha kwa kusoma, kulala na kusali, atapata moja au mbili za kumpa jirani.

Kijana aliyeanguka alipona, akafanya mitihani yake ya majaribio, na sasa ajiandaa kwa ile mikubwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba aandike barua kwa baba yake, kumweleza tuliyoyakubali. Sote tuliiweka sahihi. Mzee alijibu kwa mistari mitatu: kwamba ameisoma, kwamba amefurahi, na kwamba tuendelee kusali, ila tule.

Kaka zetu mliotutangulia, ninyi mnajua mengi kuliko sisi. Wengine wenu ni walimu, wengine madaktari, wengine makasisi, na wote mlipita katika mabweni haya haya. Twaomba mtuandikie katika toleo lijalo: mlizigawa vipi saa zenu, na ni saa zipi ambazo mpaka leo mwafurahi kwamba mlizitumia? Nanyi wanafunzi wenzangu, chukueni daftari Jumapili hii jioni, mwanze kuhesabu.