Tazama Moshi Kabla ya Kuwasha Moto

Wewe mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, siku moja ya kiangazi toka nje saa 12 asubuhi, huko Kasongo ama Kabambare. Tazama moshi wa majiko. Haupandi, umelala juu ya mapaa kama mkeka. Rudi kutazama saa 8 mchana: moshi unapanda na kupotea. Moto ni ule ule. Kilichobadilika ni hewa.

Sababu ni hii. Usiku usio na mawingu, udongo unapoa na kupoza hewa iliyo karibu nao. Hewa ya baridi ni nzito, inakaa chini, hasa mabondeni. Hewa yenye joto iliyo juu yake inakuwa kama kifuniko cha sufuria. Jua likipasha udongo joto, hewa ya chini inapanda na kifuniko kinavunjika. Lakini jihadhari na saa ile ya kuvunjika: moshi uliokaa juu usiku kucha unaweza kuteremka ghafula mpaka chini.

Bomba refu linasaidia, ila haliondoi sumu. Kiwanda cha shaba cha Lubumbashi, kilichoanza mwaka 1911, kina bomba la metre 153. Pepo za kiangazi zinatoka kusini-mashariki. Kwa hiyo moshi wake wa kibiriti ulikausha miti upande wa kaskazini-magharibi. Kule Ubelgiji, katika bonde la mto Meuse, Desemba 1930, ukungu na moshi wa viwanda ulifungwa bondeni siku kadhaa. Watu zaidi ya 60 walikufa.

Basi, shika haya:

1. Usichome takataka jioni wala alfajiri. Zitie shimoni.

2. Weka mashini ya umeme nje, mahali upepo unapopeleka moshi mbali na nyumba.

3. Usiingize jiko la makala katika chumba cha kulala, hata kukiwa na baridi. Hewa yake ya sumu haionekani, nayo inaua.

4. Usichome dhahabu yenye zebaki nyumbani, saa yoyote. Mvuke wake unadhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni.

Mtoto akikohoa usiku, usiseme ni baridi tu. Mpeleke kwa mganga wa dispensari, kisha ujiulize: jana moshi wetu ulilala wapi?