Maumivu ya Ndama na Kondoo Wachanga

Ndugu mfugaji, kuna neno linalosemwa sana mazizini, kwamba mnyama wa siku moja akikatwa au akichomwa haumii, kwa kuwa fahamu zake hazijakomaa. Mimi nami nililifundisha miaka mingi, hata nikawahasi wana-kondoo siku ile ile ya kuzaliwa, nikidhani nawahurumia. Neno hilo si kweli.

Habari ya jeraha hupita katika neva kutoka ngozini hata uti wa mgongo, ikapanda ubongoni. Ubongo nao hushusha amri ya kuyapunguza maumivu. Wataalamu walipomchunguza panya, ambaye huzaliwa kipofu na bila manyoya, waliona ya kuwa njia ya kupanda hufanya kazi tangu kuzaliwa, bali ile amri ya kutuliza hukawia siku 10 au zaidi. Ndiyo maana kitoto cha panya kikichomwa mguu kidogo tu hujipinda mwili mzima, ambapo panya mkubwa huondoa mguu peke yake. Basi uchanga si ganzi.

Mwana-kondoo huzaliwa amekomaa kuliko panya. Macho yake yako wazi, na hukawii kumwona amesimama. Huko New Zealand ilionekana kwamba ubongo wake huitikia maumivu kwa udhaifu siku za kwanza, kisha kwa nguvu zaidi. Ungesema, basi tumhasi mapema. Lakini taarifa ya mwaka 2010 ilionyesha kuwa waliohasiwa siku ya kwanza waliumia zaidi walipokatwa mkia baadaye, kuliko waliohasiwa siku ya 10. Mwili ulikuwa umeweka kumbukumbu.

Hata hivyo usikawie mno, maana jeraha hukua pamoja na mnyama. Chipukizi la pembe ya ndama hushikamana na fupa la kichwa apatapo miezi miwili hivi. Lichomwe kabla ya hapo.

Mwombe Bwana Mifugo dawa ya ganzi. Mwombe pia dawa ya kutuliza uvimbe, kwani ganzi huisha baada ya saa moja au mbili, na ndama aliyesimama kimya pembeni, asiyetaka kunyonya, huyo bado anaumwa. Sindano ya ganzi ikiisha kupigwa, ngoja dakika 10, kisha jaribu kwa ncha ya sindano kando ya pembe. Akitikisa kichwa, ngoja tena.