Wewe Si Fimbo, Mdogo Wangu

Haya wadogo zangu wa barua za kazi, sogeeni. Leo sigusi mapenzi wala mawifi. Nina neno moja tu la Kiingereza, staff, maana mnalitumia kila siku na linawaharibia barua nzuri kabisa.

Binti anaandika: “I was a staff at a hotel.” Yeye anajua amesema alikuwa mfanyakazi wa hoteli. Msomaji mwenye Kiingereza chake anaona amesema alikuwa fimbo ya hotelini. Sikutanii. Ukiweka “a” mbele yake na kumaanisha kitu kimoja, staff ni fimbo, ile ndefu ya kutembelea. Ndilo neno lililomo kwenye Zaburi ya 23 ya Biblia ya Kiingereza, kwenye fimbo ya mchungaji.

Staff ya kazini ni wafanyakazi wote kwa jumla, kama timu: unaweza kuwa ndani ya timu, lakini huwezi kuwa timu peke yako. Basi andika “I was a member of staff.” Wamarekani hupenda zaidi “staff member”, nayo ni sawa. Hata hivyo, mimi ningekushauri utaje cheo chako: mpishi, mhudumu, karani wa mapokezi. Mwajiri anataka kujua ulishika nini mkononi, na “member of staff” haimwambii.

Halafu ile “s”. Wafanyakazi kumi wa duka moja ni “ten staff”, basi. “Staffs” inafaa unapozungumzia wafanyakazi wa taasisi mbalimbali, kila moja na kundi lake. Kuhusu “staff is” na “staff are”, msitoane macho: Waingereza hutumia zote mbili, Wamarekani hupenda “is”. Chagua moja uende nayo hadi mwisho wa barua.

Na tafadhali, usihamishie somo hili kwenye daladala. Dereva wa daladala nyingine akipanda na kumwambia konda “staff”, mkono wa nauli unampita. Hapo neno limeshakuwa la kwetu na lina sheria zake. Ukianza kumsahihisha konda, utashushwa kabla ya kituo.

Kama ulishatuma barua yenye “a staff”, usikose usingizi. Ukiitwa kwenye usaili, sema vizuri. Wewe ambaye hujatuma, fungua hiyo barua sasa hivi urekebishe, kisha uitume leo.