Timu Inapomgeuka Mchezaji Wake Mpya: Maswali na Majibu

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vyuo vya Kisii na Nyamira hupokea vijana waliong'ara katika mashindano ya shule za upili. Wengine hujiunga na Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha walimu na kupata hati ya chuo kikuu 2013. Wengine huenda Kisii National Polytechnic au vyuo vidogo vya huku na huku. Makochi huwawinda mapema. Lakini mara nyingine, kabla fresha, yaani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hajakabidhiwa jezi, wachezaji wa miaka ya juu humwita chumbani usiku: piga magoti, vua shati, kunywa hiki chote, usimwambie mtu. Maswali yaliyo hapa huulizwa na wazazi, makochi na wachezaji wenyewe, na hayalengi chuo kimoja.

Mwanangu alichaguliwa katika timu ya raga chuoni. Amerudi nyumbani Keroka na alama mgongoni, anasema alianguka mazoezini. Nianzie wapi?

Mama, anzia hospitalini. Iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Kisii, ile ya kaunti pale Nyamira au kituo kilicho karibu nawe, cha muhimu ni daktari amwangalie na aandike alichokiona. Alama za ngozi hupotea baada ya siku chache, ila faili hubaki. Piga picha pia, na uzitunze bila kuzisambaza katika grupu za familia.

Ukizungumza naye, usianze na "nani amekufanyia hivi?" Kijana aliyeapishwa kunyamaza atafunga mdomo papo hapo. Muulize vitu vidogo: mlikuwa chumba gani, taa zilikuwa zimewashwa, wageni mlikuwa wangapi, kochi alikuwa wapi. Majibu ya maswali madogo ndiyo hufungua yale makubwa.

Akikubali kuripoti, mwende pamoja kituo cha polisi mpate namba ya OB na fomu ya P3, kisha mwandikie barua Mkuu wa Wanafunzi. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko yaliyosemwa kwa mdomo kwenye korido ni rahisi kukanwa. Na ukumbuke, mama: akiwa ametimiza miaka 18, uamuzi wa kushtaki ni wake. Tembea naye, usimtangulie.

Mimi ni kochi. Kwa nini tunalifanya jambo hili kubwa? Sisi Abagusii tunajua kijana hukomazwa. Alikaa saiga, ile nyumba ya vijana, akatoka mwanamume.

Mwalimu, nakushukuru kwa kulisema wazi, kwa sababu hoja hii ndiyo hutolewa mara nyingi zaidi, na huwapa watesaji heshima ambayo hawakuifanyia kazi.

Tuutazame huo mfano wako kwa makini. Kijana wa Kigusii anayetahiriwa likizo ya Desemba hapelekwi na watu asiowajua. Familia imekubali. Kuna omosegi, yule kijana mkubwa aliyekabidhiwa kumlinda na kumfunza, na jina lake linajulikana kwa baba na mama. Mwana akiumia, kuna mlango wa kubisha. Juu ya yote kuna chinsoni, ile adabu ya vizazi inayosema nani anaweza kusema nini mbele ya nani, na nani hawezi kumwona mwenzake uchi. Ni kweli kwamba hata saigani vijana walitishwa na kufanyiwa ukali, na wapo waliodhurika. Sisemi kila kitu cha zamani kilikuwa chema. Lakini ukali ule ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo aliweza kuulizwa.

Sasa tazama chumba cha hosteli saa sita usiku. Nani alimkabidhi kapteni wa miaka 22 mtoto wa mtu? Mzazi yupi aliombwa ruhusa? Katika timu ya leo utamkuta Mgusii, Mjaluo, Mkuria, Mkamba na Msomali, kila mmoja akiwa na mila zake, wengi wao wakiwa wameshavuka utoto kwao zamani. Kuwakusanya gizani na kuwadhalilisha ni kuwanyang'anya utu waliokwisha kupewa na jamii zao.

Kuhusu ukomavu wa mchezo, wewe unajua kuliko mimi: mchezaji hukomaa kwa mazoezi, chakula, usingizi na kucheza dakika nyingi. Fresha anayemwogopa kapteni wake hampi pasi kwa sababu ameona nafasi. Humpa kwa sababu anaogopa asipompa.

Je, kuna sheria inayokataza mambo haya chuoni?

Katika shule, ipo waziwazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili. Hata hivyo "umono", yaani uonevu wa wanafunzi wapya, uliendelea. Mwaka 2017 nchi nzima ilishtuka iliposikia jinsi wanafunzi wa vidato vya chini walivyokuwa wakiteswa Alliance High School, viranja wakitajwa miongoni mwa watesaji. Wizara ya Elimu ilichunguza na mwalimu mkuu akastaafu mapema. Viranja wale walikuwa wamepewa mamlaka na shule yenyewe, na ndilo jambo ambalo vyuo vinapaswa kulitafakari, kwa sababu kapteni pia hupewa mamlaka na chuo.

Sheria hiyo ya 2013 haimfikii mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini hajaachwa bila kinga. Katiba inalinda utu wake katika kifungu cha 28 na inakataza ukatili katika kifungu cha 29. Kifungu cha 25 kinasema haki ya kutoteswa wala kudhalilishwa haiwezi kuwekewa mipaka na yeyote. Kumpiga mtu na kumjeruhi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 251, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Akishikwa sehemu za siri, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaingia. Akirekodiwa uchi na video kusambazwa, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2018. Kanuni za nidhamu za chuo haziondoi hata moja kati ya hizi. Chuo kinachosema "tutalimaliza ndani" kuhusu kijana aliyevunjwa mkono kinajipa kazi ya mahakama.

Chuo kikipata taarifa, kifanye nini kwanza?

Kimlinde aliyesema. Mengine yote yafuate hilo. Kama analala hosteli moja na watuhumiwa, wahamishwe wao, sio yeye. Kama karo yake imepunguzwa kwa sababu ya mchezo, apewe barua inayothibitisha kwamba hatapoteza nafuu hiyo hata akiacha kucheza. Nimeona mara nyingi mlalamishi ndiye anayebeba godoro, na kila mwanafunzi anayemwona akilibeba hujifunza kunyamaza.

Pili, uchunguzi usiachiwe idara ya michezo. Kochi, patroni na msimamizi wa michezo wanaweza kuwa watu wema kabisa, lakini nao ni sehemu ya swali: walijua nini, na kama hawakujua, kwa nini?

Kisa kinachofunza sana ni cha Northwestern University, karibu na Chicago, Marekani. Mwishoni mwa 2022 malalamiko yaliwasilishwa kuhusu timu yao ya futboli ya Kimarekani. Chuo kilimwajiri wakili wa nje, akahoji watu zaidi ya 50, na wachezaji 11, wa sasa na wa zamani, wakakiri kwamba udhalilishaji ulikuwepo. Tarehe 7 Julai 2023 chuo kilitangaza kwamba kocha mkuu, Pat Fitzgerald, angesimamishwa wiki mbili bila mshahara. Kesho yake gazeti la wanafunzi likachapisha maelezo ya mchezaji wa zamani, na tarehe 10 kocha akafutwa kazi. Akashtaki. Mwaka 2025 pande mbili zilipatana, na chuo kikasema ushahidi haukuthibitisha kwamba mchezaji yeyote alimripotia kocha au kwamba kocha aliruhusu mambo hayo.

Chuo hicho kilikuwa na fedha, mawakili na muda wa miezi saba, na bado wanafunzi walieleza kwa siku moja kile ambacho taarifa rasmi haikutaka kukitamka. Ukificha yaliyotokea, adhabu yako yoyote itaonekana ya kubahatisha: wiki mbili leo, kufukuzwa keshokutwa. Waathiriwa hukosa haki, na anayelaumiwa naye hukosa njia ya kujitetea.

Timu nzima isimamishwe, au wahusika tu?

Mechi zinaweza kusitishwa wakati wa uchunguzi ili mashahidi wasipakiwe basi moja na watuhumiwa. Lakini adhabu ni ya mtu kwa tendo lake. Kufuta timu nzima huwaadhibu mafresha mara ya pili, na lawama yote humwangukia yule aliyesema.

Vilevile watuhumiwa wana haki. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 vinadai wajulishwe tuhuma mapema, wasikizwe, na wapewe sababu kwa maandishi. Mahakama Kuu imewahi kurudisha darasani wanafunzi waliofukuzwa bila kusikizwa. Naibu Chansela anayefukuza kwa hasira Jumatatu anaweza kulazimishwa kuwapokea tena muhula ujao, na hapo nani atamtazama yule fresha usoni?

Nilifanyiwa hivyo nikiwa mwaka wa kwanza. Sasa niko wa tatu na wenzangu wanasema ni zamu yetu.

Uliyoyapata yalikuwa makosa, na pole sana, ndugu yangu. Nina hakika hakuna aliyekuambia hivyo. Hata sasa unaweza kuyaripoti. Lakini usiku wa hiyo "zamu yenu" ukifika, usiingie chumbani "kutazama tu", wala usishike simu ya kurekodi. Kaa na mafresha uwanjani mchana, waonyeshe bwalo na zahanati, wape namba yako. Wewe una sauti ambayo kochi hana, kwa sababu wenzako hawawezi kukuambia hujui.

Nikiripoti, nitapoteza nafasi yangu kwenye timu?

Huenda baadhi ya wenzako wakakununia, na sitakudanganya kwamba haitauma. Ndiyo maana, kabla hujataja jina la yeyote, una haki ya kumwomba Mkuu wa Wanafunzi akujibu mambo matatu kwa maandishi: nitalala wapi, nani ataamua kama nitacheza msimu huu, na nimpigie nani nikitishiwa saa nane za usiku. Akishindwa kukujibu, mpelekee Naibu Chansela barua hiyohiyo, ukiandika tarehe uliyoiwasilisha mara ya kwanza.