Jina la Cheo na Jina la Mtu: Somo la Seva Mbili

Mwaka huu nimeonelea tuache kidogo ngeli na vitendawili, tuingie chumba cha tarakilishi.

Shule yetu hapa Rhonda iliamua kuweka rekodi za karo na alama katika seva mbili zinazoshirikiana, ili moja ikizimika nyingine ishike kazi. Siku ya kuweka programu ya hifadhidata, mashine ilikataa katakata: jina tayari linatumika mtandaoni. Na kwenye dirisha la karani wazazi walikuwa wamepanga foleni, risiti mkononi, wengine wametoka Kaptembwo kwa miguu.

Jina gani hilo? Hapo ndipo wengi hupotea. Hebu fikiria darasa. Kiprono ni jina la mtu. Kiranja ni cheo. Mwalimu akiita "Kiranja!" husimama aliye kazini, na akiugua, naibu wake huitika kwa jina lile lile. Seva nazo ni hivyo. Kila mashine ina jina lake, kundi zima lina lake, na hifadhidata ina jina la cheo, ambalo ndilo tarakilishi ya karani huliita. Yote sharti yatofautiane, na anwani zake za namba pia. Sisi tulikuwa tumeipa hifadhidata jina la seva ya kwanza. Ni kama kukiita cheo cha kiranja "Kiprono", na huku Kiprono mwenyewe amekaa dawati la nyuma!

Tukachagua jina jipya, KARO. Ikakataa tena.

Tukajaribu amri ya ping: kimya. Lo, kumbe kimya si ushahidi kwamba jina liko huru! Jaribio la majuma yaliyopita, lililokwama njiani, lilikuwa limeacha KARO katika daftari la majina la mtandao, yaani DNS, na pia katika orodha ya Active Directory. (DNS ilibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, kabla yake majina yote yalikuwa katika faili moja tu, iliyotunzwa California.) Tulihakikisha kwanza hakuna anayelitumia, tukalifuta kote kuwili, kisha tukatoa amri ya ipconfig /flushdns ili mashine zisahau majibu ya zamani.

Jihadharini pia na majina marefu. Katika Windows, jina la NetBIOS halizidi herufi 15. SHULE-HIFADHIDATA1 na SHULE-HIFADHIDATA2 yakikatwa, yote mawili huwa SHULE-HIFADHIDA. Mapacha wasiotakiwa!

Safari hii programu ikakubali. Kabla ya kumwita mzazi wa kwanza, mwalimu wa tarakilishi aliizima seva ya kwanza makusudi. Skrini ya karani ilisita kidogo, sisi roho mkononi, kisha akaita KARO tena. Seva ya pili ikaitika.