Safari ya Biashara Kamina: Maandalizi kabla ya Kuvuka Mpaka

Ukifika sokoni Kamina na mama wa mahindi akakuuliza, "Baba, unataka kuuza?", usimjibu kwamba hukuja na mzigo. Anakuuliza kama unataka kununua. Katika Kiswahili cha Katanga, kuuza ni kununua. Kile ambacho Mbeya au Dar es Salaam wanakiita kuuza, wao hukiita kuuzisha. Neno hilo moja linatosha kupindua makubaliano ya tani nzima. Lugha yetu itakukaribisha vizuri Kamina, ila isikufanye uache kuhakikisha. Jiandae kama mtu anayekwenda ugenini.

Unakokwenda

Kamina, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami, uliozaliwa mwaka 2015 Katanga ya zamani ilipogawanywa. Ni njia panda ya reli: inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapa, tawi moja likielekea Kananga na Ilebo, jingine Kabalo, kisha Kalemie na Kindu. Mkoa unalima mahindi, hasa upande wa Kaniama, na samaki wa maziwa ya Upemba hupitia Bukama, pale reli inapokutana na mto Lualaba. Wenyeji wengi ni Waluba. Nyumbani husema Kiluba, sokoni Kiswahili, ofisini Kifaransa.

Karatasi

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini usisafiri kwa kudhani kwamba visa imefutwa. Uliza ubalozi wa Kongo wiki kadhaa mapema, maana masharti hutofautiana kwa uraia na kwa sababu ya safari. Mwenyeji wako akutumie barua ya mwaliko. Hakikisha pasipoti ina angalau miezi 6 mbele, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani.

Kuna karatasi moja ambayo wageni wengi hawaijui: ordre de mission. Ni barua ya kampuni yako, kwa Kifaransa, inayotaja jina lako, namba ya pasipoti, unakokwenda, tarehe na shughuli, ikiwa na sahihi na muhuri. Maofisa wa uhamiaji, yaani DGM, wataiomba njiani na mjini. Toa nakala kadhaa za karatasi zote na uzitenge na zile halisi. Ukifika Kamina, nenda na mwenyeji wako kujitambulisha ofisi ya uhamiaji. Kila malipo ya serikali, dai risiti.

Kama umebeba sampuli za bidhaa, zitangaze kwa forodha, DGDA, na uulize mapema kama shirika la ukaguzi wa ubora, OCC, litahitaji kuzipima.

Njia

Anayetoka Tanzania kwa barabara hupita Tunduma, akakatiza Zambia hadi Kasumbalesa, kisha Lubumbashi. Foleni ya malori Kasumbalesa inaweza kula siku nzima, kwa hiyo usipange mkutano siku ya kuvuka. Anayepitia uwanja wa ndege wa Lubumbashi aulize mapema kuhusu ada ya abiria iitwayo Go-Pass. Weka dola pembeni kwa ajili yake.

Kutoka Lubumbashi hadi Kamina, panga kwa siku, si kwa saa. Mvua huanza karibu Oktoba hadi Aprili na barabara za udongo huharibika. Mei hadi Septemba ndiyo nafuu. Treni ya abiria haina ratiba ya kutegemea, hivyo muulize mwenyeji wako hali ya wiki hiyo. Nakusihi jambo moja: usipande treni ya mizigo, hata wenzako wakipanda. Aprili 2014 treni ya mizigo iliyobeba watu ilianguka karibu na Kamina, na Machi 2022 nyingine katika mkoa jirani wa Lualaba. Kila mara walikufa makumi ya watu. Hakuna oda inayostahili hatari hiyo.

Fedha

Dola ya Marekani na faranga ya Kongo hutumika pamoja. Chagua dola mpya na safi: noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa. Badilisha kiasi cha faranga kwa chakula na usafiri wa mjini. Nunua laini ya simu Lubumbashi kwa pasipoti yako. M-Pesa ya Kongo huweka dola na faranga kando kando.

Makubaliano

Kongo iko chini ya OHADA, mfumo wa sheria za biashara wa nchi kadhaa za Afrika, tangu 2012, na mikataba huandikwa kwa Kifaransa. Muombe mshirika wako namba yake ya RCCM, ambayo ni usajili wa mfanyabiashara, kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Tafuta mkalimani wa kwako, si wa kwake. Bei andika kwa tarakimu, na sarafu uitaje.

Saa pia ihakikishe. Kamina iko saa moja nyuma ya Dar es Salaam, na wengi huhesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa, ambapo saa nane ya asubuhi ni saa mbili yetu. Usikimbilie bei: salimia kwanza, uliza habari za nyumbani. Neno wafwako, yaani asante kwa Kiluba, litapokelewa kwa furaha.

Mkoba na mwili

Beba chandarua na dawa zako za kutosha. Malaria ipo mwaka mzima. Kipindupindu hutokea mara kwa mara mkoani, kwa hiyo kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa. Chukua adapta ya pini mbili za duara, betri ya akiba na tochi. Sweta itakufaa usiku wa Juni na Julai. Usipige picha stesheni, madaraja wala kambi ya jeshi ya Kamina.

Kabla ya kupeana mkono, keti na mwenzako mbele ya karatasi moja na mjaze pamoja: nani anatoa mzigo, nani anatoa fedha, kiasi gani, lini. Hapo kuuza kwake na kuuza kwako havitagombana tena.