Picha ya Kifua Ndani ya Flashi: Kompyuta Inapokataa Kuandika

Maganzo, mji mdogo ulio jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui wilayani Kishapu, ni makazi ya watu wengi wanaoishi kwa uchimbaji. Vumbi la mwamba lenye silika likivutwa kwa miaka mingi huacha makovu mapafuni, ugonjwa uitwao silikosisi, na humwongezea mchimbaji hatari ya kuugua kifua kikuu. Katika picha ya eksirei, magonjwa hayo mawili huweza kufanana. Daktari huyatofautisha kwa kupima makohozi na kwa kulinganisha picha mpya na ya zamani, kwani kivuli ambacho hakijabadilika kwa miaka kina maana tofauti na kivuli kipya. Kwa hiyo picha ya zamani ni sehemu ya tiba, na huweza kusafiri hadi hospitali ya rufaa, kama Bugando jijini Mwanza, ikiwa ndani ya flashi.

Chanzo cha tatizo

Flashi hufanana na daftari la rejista: lazima ichorwe mistari kabla ya kuandikwa. Mchoro huo huitwa mfumo wa mafaili, na kuuchora ni kuumbiza, yaani kufomati. Windows hutumia zaidi mchoro wa NTFS, kompyuta mpya za Apple hutumia APFS, na Linux mara nyingi hutumia ext4. FAT32 husomwa karibu kila mahali, lakini haipokei faili moja lenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi. exFAT, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006, iliondoa kikomo hicho, na tangu mwaka 2019 imeingizwa katika kiini cha Linux.

Dalili na maana yake

1. Mafaili yanasomeka, lakini hakuna jipya linaloandikika. Hutokea flashi ya NTFS inapochomekwa kwenye kompyuta ya Apple, ambayo kwa kawaida huisoma tu.
2. Nafasi ipo, ila faili kubwa linakataliwa. Huenda flashi ni ya FAT32.
3. Linux inafungua flashi ya NTFS kwa kusoma tu. Huenda ilichomolewa kwenye Windows kabla ya kutolewa kwa usalama. Irudishwe huko, ikaguliwe makosa, kisha itolewe ipasavyo.
4. Windows inataka flashi iumbizwe kabla ya kutumika. Huenda mchoro wake ni APFS au ext4, au umeharibika. Ombi hili lisikubaliwe kamwe ikiwa ndani mna picha ya mgonjwa, kwa kuwa kuumbiza hufuta orodha ya mafaili.

Kwa mhudumu wa afya

Flashi tupu iumbizwe kwa exFAT kabla ya kunakili. Mashine ya zamani isiyoitambua ipewe FAT32. Folda ya picha za DICOM inakiliwe nzima, pamoja na faili la DICOMDIR iwapo lipo, bila kubadili majina. Flashi itolewe kwa usalama, kisha ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine mgonjwa akiwa bado hajaondoka. Nakala ibaki kituoni. Taarifa hizo zitunzwe kwa siri, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa mgonjwa

Mgonjwa abebe pia majibu yaliyoandikwa, na filamu kama alipewa. Akiambiwa kuwa flashi haifunguki hadi ifutwe, aombe kwa heshima ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine. Ikiwa imekwisha kuumbizwa kwa bahati mbaya, kisiandikwe kitu kingine chochote ndani yake: mara nyingi kinachopotea kwanza ni orodha tu, na fundi huweza kuzirejesha picha iwapo hazijaandikiwa juu.

Flashi isiyoandikika huchelewesha kazi kwa dakika chache. Picha ya zamani ikifutwa, daktari hukosa cha kulinganishia, na mchimbaji huweza kupewa dawa za kifua kikuu asizozihitaji, au kucheleweshewa zile anazozihitaji.